Miwani ya Macho kwa Bei Unayoiweza: Linganisha Kabla ya Kulipa

Umeshawahi kumuona mtu ameishika simu mbali, mkono umenyooka mpaka mwisho, akijaribu kusoma ujumbe wa pesa zilizoingia? Pengine ni mama yako. Pengine ni wewe mwenyewe. Anakunja macho, anaisogeza simu kwenye mwanga, halafu anamgeukia kijana aliye karibu: "Hebu nisomee hapa, kijana wangu. Ni elfu tatu ama ni mia tatu?"

Akimpata kijana mwaminifu, hakuna shida. Lakini asiyesoma skrini yake mwenyewe yuko kwenye hatari kubwa. Ni rahisi kukosea tarakimu moja na pesa ziende kwa mtu mwingine. Ni rahisi pia kubonyeza "kubali" bila kuona jina lililotokea. Na mwisho wa yote, anajikuta akimwambia mtu mwingine PIN yake ili amsaidie kutuma. Ndiyo maana leo somo letu ni miwani. Macho yanayoona vizuri ni sehemu ya usalama wa pesa zako.

Watu wengi wanaahirisha kununua miwani kwa sababu ya bei. Mtu anaingia dukani mara moja, anatajiwa bei kubwa, anatoka na harudi tena. Wengine wanalipa hiyo bei hivyo hivyo kwa sababu hawajui waulize nini. Tukimaliza somo hili utajua la kuuliza.

Kwanza: pima macho, usipime miwani

Barabarani kuna wachuuzi wa miwani ya kusoma. Unajaribu moja, unajaribu nyingine, ile inayokufanya uone herufi unaichukua. Miwani hiyo si mibaya yenyewe. Kwa mtu aliyefika miaka ya arobaini na kuendelea, ambaye anaona mbali vizuri na shida yake ni herufi ndogo tu, inaweza kumtosha. Lakini imetengenezwa na nguvu sawa kwa macho yote mawili, na macho ya watu wengi hayalingani. Tena haiwezi kukuambia kama kuna ugonjwa unaokuja polepole.

Presha ya macho, kwa mfano, inaweza kula uwezo wako wa kuona bila maumivu yoyote. Kisukari nacho huharibu macho kimyakimya. Kwa hivyo pimwa na mtaalamu aliyesomea macho, hata kama mwishowe utanunua miwani ya bei ya chini kabisa.

Wapi? Hospitali nyingi kubwa za serikali zina kliniki ya macho. Zipo pia hospitali zinazojulikana kwa kazi hiyo: Kikuyu, Lions SightFirst pale Loresho jijini Nairobi, Sabatia kule Vihiga, na Kwale Eye Centre kwa watu wa Pwani. Kambi za macho zinazofanyika makanisani, misikitini na mashuleni pia husaidia. Maduka ya miwani mengi hupima, na mengine husema kupima ni bure. Kuhusu hiyo "bure" tutazungumza hapo mbele.

Mambo matatu ya kukumbuka kabla ya kupimwa:

1. Kama una kisukari na sukari imekuwa ikipanda na kushuka, mwambie anayekupima. Sukari ikiwa juu, vipimo vya macho vinaweza kubadilika. Ukinunua miwani wakati huo, sukari ikitulia miwani inaweza kukukataa na pesa zimeenda.

2. Ile mashine unayochungulia picha ndani yake haitoshi peke yake. Inatoa makadirio tu. Baada yake mtaalamu anapaswa kukubadilishia lenzi mbele ya macho huku ukisoma herufi ukutani, akikuuliza "hii ama hii?" Usione aibu kusema "sioni tofauti" au "rudia."

3. Mtoto mdogo apelekwe mahali wanapoweza kumtilia dawa ya matone kabla ya kumpima. Macho ya mtoto hujikaza sana, na bila matone vipimo vinaweza kutoka visivyo sahihi.

Na kama uwezo wa kuona umepungua ghafla, unaona mwanga kama radi, vidoa vyeusi vimejaa kwa mpigo mmoja, au jicho ni jekundu na linauma sana, usiende dukani kutafuta miwani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pili: ondoka na karatasi yako

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Ukishapimwa, omba karatasi ya vipimo. Bila karatasi, umefungwa kwenye duka moja. Ukiwa na karatasi, unaweza kuuliza bei kokote.

Kuna mahali wataivuta miguu: "Karatasi tunakaa nayo sisi," au "Tutakupa ukishanunua." Kaa imara, lakini kwa heshima. Vipimo vya macho yako ni taarifa zako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine. Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma anayoilipia. Wanaweza kukutoza ada ya kupimwa, hiyo ni kazi yao na wanastahili kulipwa. Lakini karatasi ni yako.

Uliza mapema, kabla hujakaa kwenye kile kiti: "Nikipimwa hapa nisiponunua miwani, nitalipa ngapi? Na nitapewa karatasi?" Ukipata jibu mapema, hakuna mabishano baadaye. Ukishaipata, ipige picha kwa simu. Karatasi hupotea, hulowa mvua, huoshwa na suruali.

Tatu: jua kilichoandikwa

Karatasi nyingi zinafanana. R au OD ni jicho la kulia, L au OS ni la kushoto. Halafu kuna haya:

- SPH ni nguvu ya lenzi. Alama ya kutoa (−) ni ya mtu asiyeona mbali vizuri. Alama ya kujumlisha (+) ni ya kusaidia hasa kuona karibu. Hupanda kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75 na kuendelea.
- CYL na AXIS huandikwa kama jicho lako halijaviringana sawasawa, hivyo picha inavutika upande mmoja. AXIS ni pembe, kuanzia 1 hadi 180.
- ADD ni nguvu ya ziada ya kusomea, kwa wale wa miaka arobaini na zaidi.
- PD ni umbali kati ya mboni zako mbili, kwa milimita. Watu wazima wengi huwa kwenye sitini na kitu.

PD ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Omba iandikwe. Lenzi ina katikati yake, na katikati hiyo lazima ikae mbele ya mboni. Ikienda pembeni utaumwa na kichwa hata kama nguvu ya lenzi ni sahihi.

Angalia pia alama za kujumlisha na kutoa. Mtu akinakili −2.00 kama +2.00, miwani yote imeharibika. Ndiyo sababu picha ya karatasi ni bora kuliko kuandika mwenyewe.

Nne: ivunje bei vipande vipande

Ukiuliza "Miwani ni ngapi?" utajibiwa bei moja kubwa. Usiulize hivyo. Miwani si kitu kimoja. Ni kama kujenga jikoni: kuna mabati, kuna mbao, kuna fundi. Uliza kila kipande:

- Kupimwa
- Fremu
- Lenzi mbili
- Vitu vya ziada kwenye lenzi
- Kazi ya kukata na kuweka lenzi kwenye fremu

Fremu ndiyo mahali bei hupanda sana, na ndiyo mahali jicho lako halifaidiki na chochote. Jina lililochapishwa pembeni halikuongezei kuona. Tafuta fremu inayokaa vizuri puani, isiyobana masikio, yenye bawaba imara. Ukiwa na nguvu kubwa ya kutoa, chagua fremu ndogo, kwa sababu lenzi yake itakuwa nyembamba na nyepesi.

Una fremu ya zamani ambayo bado ni nzima? Uliza kama wanaweza kubadilisha lenzi peke yake. Maduka mengi hayatalitaja hilo mpaka uulize. Na ukitaka fremu nyingine inayokaa kama ile uliyoizoea, angalia ndani ya mkono wake. Kuna tarakimu kama 52, 18 na 140. Ni upana wa lenzi, nafasi ya pua, na urefu wa mkono, zote kwa milimita.

Lenzi za nguvu moja, za kuona mbali tu au kusoma tu, ndizo za bei ya chini. Mara nyingi hupatikana siku hiyo hiyo. Zile zenye mstari, za mbali juu na kusoma chini, huwa ghali zaidi. Zile zisizo na mstari, zinazobadilika taratibu kutoka juu kwenda chini, ndizo ghali kabisa na huagizwa kwa siku kadhaa. Kama pesa hazitoshi, uliza kama miwani miwili ya nguvu moja, mmoja wa mbali na mwingine wa kusoma, itakuwa nafuu.

Na vitu vya ziada? Tabaka la kuzuia mng'ao humsaidia anayeendesha gari usiku au anayeshinda mbele ya kompyuta. Lenzi zinazobadilika rangi juani ni starehe nzuri kama una uwezo. Zile za kuzuia mwanga wa buluu wa simu, usizilipie kwa sababu umetishwa. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilipitia majaribio 17 yaliyofanywa kuhusu lenzi hizo, na ikaona huenda hazipunguzi uchovu wa macho unaotokana na kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida.

Kuna kimoja usikibanie pesa: lenzi za mtoto, au za fundi wa kuchomelea na kukata vyuma, zisiwe za kioo. Uliza polikabonati, ambayo haipasuki kirahisi. Na huyo fundi bado atahitaji miwani ya kinga akiwa kazini.

Tano: uliza maduka matatu, ukiwa umekaa

Huna haja ya kuzunguka mji mzima kwa nauli. Maduka mengi yana nambari ya simu. Tuma ujumbe mmoja ule ule kwa matatu au manne:

*"Habari. Nina karatasi ya vipimo, natuma picha. Nataka lenzi za plastiki za kawaida, za kuona mbali tu. Lenzi zote mbili ni pesa ngapi bila fremu? Fremu yenu ya bei ya chini ni ngapi? Kuna ada ya kuweka lenzi? Nikitaka kuzuia mng'ao, inaongezeka ngapi? Inachukua siku ngapi? Ikinikataa, mnarekebisha bure kwa muda gani?"*

Ujumbe ukiwa mmoja, majibu yanalingana. Weka kwenye daftari. Huu hapa mfano wa hesabu. Bei ni za mfano tu, mjini kwako zitakuwa tofauti:

Duka la kwanza linasema kupima ni bure na miwani kamili ni shilingi 9,500.

Duka la pili linasema fremu 2,500, lenzi 2,800, kuzuia mng'ao 1,200, kuweka lenzi bure. Jumla 6,500. Ukiongeza 1,000 uliyolipa kupimwa hospitali, inakuwa 7,500.

Duka la tatu linakubali fremu yako ya zamani. Lenzi 2,800, kazi 300. Jumla 3,100. Ukiongeza 1,000 ya kupimwa, ni 4,100.

Umeona ile "bure" ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya 9,500. Si kwamba duka la kwanza ni la wezi. Pengine fremu yao ni nzuri sana, pengine wanakupa muda mrefu wa marekebisho. Lakini sasa unajua unalipia nini, na unaweza kurudi kwao ukasema, "Kule wamenifanyia lenzi kwa 2,800, nyinyi mtanifanyia ngapi?" Bei ya miwani ni ya kuongea.

Duka la chini kabisa nalo lisikupofushe. Kama hawajibu swali la marekebisho, au hawakuulizi PD yako, endelea kutafuta.

Sita: lipa kwa utaratibu

Kama pesa hazipo kwa mkupuo, anza kuweka. Miwani ya 6,500 ni shilingi 500 kwa wiki, kwa wiki 13. Ziweke kwenye akiba ya simu, mbali na pesa za matumizi, usije ukazila bila kujua. Mkopo wa simu uwe wa mwisho, na kama ni lazima, uwe wa lenzi. Usikope kwa ajili ya fremu ya kupendeza.

Siku ya kulipa, fuata haya:

- Lipa kwa nambari ya biashara. Tumia Till au Paybill ya duka, si nambari ya mtu binafsi. Mhudumu akikuambia "nitumie kwangu halafu nitapeleka," kataa kwa upole.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye skrini lilingane na la duka. Kama hulioni vizuri, muulize mtu akusomee jina, lakini PIN weka mwenyewe.
- Toa arbuni, bakisha salio. Lenzi zikiagizwa, ni kawaida kuombwa malipo ya kwanza. Jaribu kubakisha sehemu ya maana utakayoilipa ukishaivaa na kuona vizuri.
- Dai risiti yenye maelezo. Iandikwe aina ya lenzi, vitu vya ziada ulivyolipia, tarehe ya kuchukua na kiasi kilichobaki. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa zilikwenda. Risiti ndiyo inayoonyesha zilikwenda kwa ajili ya nini. Usifute ujumbe, na usitupe risiti.
- Jihadhari na miwani ya mitandaoni inayotaka pesa zote kabla hujaona chochote, kwa bei ambayo hakuna duka linaifikia. Na ukipigiwa simu ukaambiwa umeshinda kupimwa macho bure, utume kwanza "pesa ya usajili," hiyo si kambi ya macho.

Umetuma mahali pasipo sahihi? Omba kurudishiwa muamala mara moja. Kila dakika inayopita, nafasi ya kuzipata inapungua.

Saba: siku ya kuchukua, usiwe na haraka

Usivae miwani, ukasema asante, ukatoka. Kaa kidogo. Waombe waipitishe kwenye mashine ya kusomea lenzi mbele yako, na ulinganishe tarakimu na karatasi yako. Ivae. Funika jicho moja, soma kitu kilicho mbali. Badilisha jicho. Fungua simu, soma ujumbe. Tembea mpaka mlangoni, panda na ushuke ngazi kama zipo. Ikibana au ikiteleza, waikunje pale pale, ni kazi ya dakika chache.

Siku za kwanza unaweza kuhisi sakafu imeinama au kichwa kizito kidogo. Lenzi zisizo na mstari zinaweza kuchukua hadi wiki mbili kuzoeleka. Lakini kama baada ya siku kadhaa bado unaona mawili, au kichwa kinauma kila ukiivaa, rudi na risiti yako. Usiiweke kwenye droo ukanyamaza. Miwani iliyo kwenye droo ndiyo ghali kuliko yote.

Kwa nini tunasisitiza

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh. Watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za kuangalia karibu, kama washonaji na mafundi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani ya kusoma ya bure. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimezidi cha wale wengine kwa takriban theluthi moja. Ilikuwa miwani ya kawaida tu, ya kuona karibu.

Fikiria sasa fundi wa nguo wa hapa kwetu aliyeacha kushona nguo ndogo ndogo kwa sababu haoni tundu la sindano. Au mama wa duka anayewakopesha wateja kwa kumbukumbu kwa kuwa hasomi daftari lake. Au mzee anayempa mjukuu simu na PIN pamoja.

Zoezi lako la wiki hii: fungua ujumbe wa mwisho wa pesa ulioupata. Ishike simu kama unavyoshika kitabu, mkono umekunjwa. Usome jina, kiasi na salio. Ukiweza, sawa. Ukilazimika kunyoosha mkono, panga siku ya kupimwa macho, na urudi na karatasi mkononi. Halafu mpe mzazi wako simu yake, umwombe afanye vivyo hivyo.